Ujerumani kwa Kabuti la Kuazima

Jumapili, 5 Agosti 1984

Kalemie. Sijala. Bertille amenuna.

Kisa ni picha. Baada ya misa, Mama Marthe, mke wa jirani yangu Edmond, amewaonyesha akina mama wa chama cha parokia picha aliyopigwa Brussels. Kasimama mbele ya stesheni nyeupe, matao chini, matao juu, na pembeni mbuzi mwenye pembe moja. Mbuzi! Marthe anasema Wazungu nao wanafuga. Papo hapo wakampa kiti cha mbele, na Bertille wangu, aliyekikalia miaka yote, wakamsogeza kwenye benchi la mlangoni.

Amerudi nyumbani akanikumbusha ahadi ya siku ya harusi yetu: Ulaya. Hapiki mpaka nitimize. Niliahidi nikiwa na njaa ya mke. Sasa nina njaa ya bukari.

Jumanne, 7 Agosti

Kigoma! Akili ni mali, wahenga hawakukosea! Ng'ambo ya ziwa tu, na stesheni ya pale walijenga Wajerumani zamani za ukoloni wao. Nikamwambia Bertille kwamba mwisho wa juma hili nampeleka kutembelea mji waliojenga Wajerumani. Ukweli mtupu. Kabla sijataja jina la mji alikuwa ameshatoka mbio, anatangaza Ujerumani mtaa mzima.

Ningemwita. Lakini alikuwa ameacha sufuria motoni. Nimekula bukari, ugali wetu, na dagaa wa ndakala mpaka nikalegea.

Jumatano, 8 Agosti

Bertille ameazima kabuti la Papa Omer, mlinzi wa usiku, kwa ajili ya baridi ya Ujerumani. Linanuka tumbaku. Linamfika kwenye vifundo vya miguu.

Edmond amepita kuuliza tunapanda ndege gani. Nikamjibu kwamba wakubwa hawatangazi safari zao. Akanitazama sana, akasema niwasalimie Wajerumani. Wivu ule!

Ijumaa, 10 Agosti

Kigoma. Balaa.

Melini Bertille aliuliza pasipoti ziko wapi. Nikasema mji tuendao hawaziombi. Akajifunika kabuti lake, akalala. Asubuhi tukateremka. Wachukuzi wanagombana kwa Kiswahili. Mama Julie, muuza vitenge wa soko letu, anatusalimia kwa furaha na kuuliza kama Bertille ana homa, mbona kabuti. Bertille akanigeukia.

"Hippolyte, hapa njo Kigoma."

Nikakubali, ila nikamweleza kwamba ukichimba kidogo utakuta Ujerumani. Akakalia sanduku palepale gatini. "Weye uko muongo! Nitarudia kwetu Ankoro!"

Meli ya kurudi ni Jumapili. Akifika Kalemie anafunga mizigo, anakwenda kwa mama yake. Dada yake Florentine alimwambia mumewe maneno hayohayo, na mpaka leo bwana yule anajipikia. Naogopa, sitaki kujidanganya. Nyumba bila Bertille siiwezi, na si kwa sababu ya sufuria tu.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimemsihi aje aone stesheni tu. Amekubali, apate la kumsimulia mama yake.

Nikaanza maelezo: unene wa kuta, ubora wa chokaa, ukali wa mafundi. Hakusikia hata neno. Alikuwa anatazama matao. Matao chini, matao juu. Kisha nyuma ya nguzo akajitokeza mbuzi. Pembe moja!

Bertille akaketi kwenye ngazi, akacheka mpaka machozi. Mimi nilidhani jua limemwingia kichwani. Ikabidi anieleze polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Picha ya Marthe. Brussels ya Marthe ni hapa! Edmond, mshenzi wa kutupwa! Kuniibia ujanja wangu kabla sijaubuni!

Bertille akaita mpiga picha. Akavaa kabuti kwenye jua lile, akafunga vifungo vyote, akasimama palepale aliposimama Marthe. Mbuzi akaja mwenyewe, bila kuitwa. Jioni tumekula mgebuka wa kukaanga, na mke wangu amenitolea miiba. Habari za Ankoro hazikutajwa.

Jumatano, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Nilipanga kusimama baada ya misa na kumwumbua Edmond mbele ya parokia nzima. Nimeandaa hotuba tangu juzi. Bertille akauliza: na yeye je, watu wataambiwa alikuwa wapi? Hilo sikuwa nimelifikiria. Akaniamuru nikae.

Picha ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Marthe. Bertille akamwuliza, kwa sauti ya asali, kama stesheni ya Brussels inafanana na hii. Marthe akajibu kwamba zinafanana sana.

Mama Thérèse, mkubwa wa chama, akapiga makofi. "Kumbe gare zote za Ulaya zilijengwa na fundi mumoja! Hata mbuzi iko ileile!"

Marthe akasema mgongo unamsumbua, anapenda upepo wa mlangoni. Bertille akarudi kwenye kiti chake. Mimi na Edmond tukapeana mikono, tukakazia macho viatu.

Nimekula kuku. Bertille ameniapisha: uongo wetu umeishia hapa, sithubutu tena. Nimeapa kwa moyo wote.

Alhamisi, 16 Agosti

Akina mama wamekuja Bertille akiwa sokoni. Wanaomba niwapeleke Roma Pasaka ijayo, chama kizima. Ningewavunjaje moyo? Nimekubali.

Kirungu! Kule juu milimani, kanisa kubwa lipo, mapadri wazee wenye kanzu nyeupe wapo, na baridi ni ya kweli, kabuti halitaaibika. Edmond ameahidi kutafuta lori.

Kuna kasoro ndogo tu. Mama Thérèse ni mzaliwa wa Kirungu. Nitamkalisha nyuma kabisa ya lori, atazame Kalemie njia nzima.