Vifaranga na Kibao cha Getini

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Mtu wa shirika la umeme kapita na kipaza sauti. Transfoma ya mtaa inazidiwa kila jioni, nyumba zote zikiwasha kila kitu kwa pamoja. Nyumba itakayopunguza matumizi kuliko zote wiki hii itapewa kibao cha kutundika getini: Nyumba ya Mfano. Msoma mita atapita Jumatatu ijayo. Jirani wa mbele, mwalimu mstaafu, akauliza maswali ya maana, akapigiwa makofi. Mimi nikauliza kama kibao ni cha bati au cha mbao. Wakacheka. Basi kibao hicho ni changu!

Jumanne, tarehe 4 Juni
Nimebadilisha balbu zote. Zote! Za zamani nimezivunja jalalani kwa raha zangu. Hizi mpya hazili umeme, na hazichomi hata ukizishika. Pasi nimeificha juu ya kabati. Friji nimeisogeza mbali na jiko; ujanja huo nimeuchungulia dirishani kwa Mwalimu. Mke wangu kauliza kama nimegusa boksi la vifaranga wake. Nikamwambia asijali, sasa wanang'aa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Ole wangu. Asubuhi vifaranga walikuwa wamerundikana pembeni, kimya. Wengine hawakuamka tena. Balbu ile kubwa niliyoitoa kwenye boksi lao haikuwa ya mwanga, ilikuwa mama yao! Nani angejua? Mke wangu alijua. Kasuka nywele za watu mwaka mzima apate vifaranga hao, kitu chake mwenyewe. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza tu balbu ya zamani iko wapi. Nikaangalia miguu yangu. Akabeba boksi, akavuka barabara, akaingia kwa Mwalimu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Hajarudi. Mke wa Mwalimu kampa godoro, maana vifaranga wanataka kuangaliwa. Nimekwenda kuomba radhi, nikiwa na maneno mazuri tangu nyumbani. Mlangoni yote yakayeyuka. Mwalimu alinikaribisha ndani. Akasema kupunguza umeme ni kuacha ule unaopotea bure, si kumnyima anayeuhitaji. Kibao najua anakitaka, alishapima pa kukitundika. Lakini kawawashia vifaranga balbu kubwa kutwa kucha. Nimeona haya hadi masikio yakaniwaka. Chai nikaiacha nusu.

Jumapili, tarehe 9 Juni
Majuto ni mjukuu, na huyu wangu analia sana. Nyumba imekuwa kubwa. Hata kukoroma sina hamu, hakuna wa kunisukuma. Mke wangu kaniambia kupitia kwa Mwalimu: nikifunga balbu ya joto tu, anarudi leo hii na vifaranga waliobaki. Nikakimbilia dukani bila kufunga vifungo vya shati. Balbu ninayo, iko mezani. Mkono ulikuwa tayari kuifunga, ila nikapita kwanza kuchungulia mita. Yangu inatambaa. Ya Mwalimu inakimbia, kwa ajili ya vifaranga wetu, maskini. Nimekaa na balbu mapajani mchana kutwa, na roho inaniuma kweli. Nimemtumia mke wangu ujumbe: nimekosa, nakupenda, nisamehe, balbu zimeadimika madukani. Nitaifunga kesho, msoma mita akishapita.