Mtungi wa Gesi na Uki wa Wakwe

Jumamosi, 3 Juni 1978

Nimepata! Mapipa matatu ya chuma, mtungi wa gesi, mipira, mifereji na kile kidude chenye saa na mshale wanachokiita regulata. Baa moja huko Eastleigh imefungwa, na Abukar wa fanicha kuukuu amenunua kila kilichokuwemo, viti, meza mpaka kaunta. Mapipa hakuyataka. Mawili bado yana pombe, moja bia ya kawaida, moja stauti, na Abukar ni mtu wa swala tano. Ameniambia niyaondoe kabla mkewe Mumina hajayaona, akaniazima na mkokoteni. Sikungoja aseme tena.

Shangazi Kavutha alisimama mlangoni akinitazama nikishusha. Akauliza hivyo vyuma ni vya nini. Nikamwambia ni vya kunioza. Akatafuta kiti akakaa.

Mambo yako hivi. Jumapili ya tarehe kumi na nane, Mzee Matheka, mchonga vinyago wa Kaloleni, anakuja hapa kwangu Umoja na ndugu zake kunywa uki, ile pombe yetu ya asali. Kwa kawaida ningeupeleka mimi kwake, lakini Mzee anataka kuona binti yake atalala wapi. Wakinywa wakaridhika, Wayua ni wangu. Wasiporidhika, basi tena. Shangazi ametoka Kangundo makusudi kuutengeneza. Kibuyu chake kimekaa kando ya jiko kimefunikwa blanketi langu. Mimi najifunika koti.

Lakini uki wa kibuyu hata mjinga anao! Hata Ndeti! Ndeti ni dereva wa lori, jirani yangu, ana mabega na cheko la kuamsha mtaa. Kila wikendi humpelekea Mzee Matheka nyama kutoka Soko la Burma, eti alikuwa anapita tu. Kupita gani huko? Mtu wa Umoja anapitaje Kaloleni? Mimi ni karani, sina mabega. Lazima niwe na kitu cha kuwashangaza wazee. Uki kutoka mferejini! Nani amewahi kuona?

Jumanne, 6 Juni

Nimejaribu bia kwanza, nipate mazoezi. Nikafungua gesi yote. Povu! Glasi nzima povu, sufuria povu, karai povu. Shangazi akauliza kama leo tunafua. Nikapunguza. Bia ikatoka imelala, kama chai ya jana. Nikapandisha kidogo, nikashusha, nikapandisha, na hapo ikatoka safi kabisa, na kilemba chake juu. Nilipiga kelele mpaka mtoto wa jirani akaanza kulia.

Nikahamia stauti bila kugusa kitu. Povu tena! Kumbe stauti haitaki gesi nyingi hivyo. Nikashusha mpaka ikatulia, nyeusi, nzito, inashuka kwa adabu. Nikarudi kwenye bia. Imekufa.

Shida ndiyo hiyo. Mtungi mmoja, regulata moja, pombe mbili, kila moja na tabia zake. Nimeshinda nikikimbia kati ya mapipa na bisibisi mkononi. Ndeti aliingia bila kubisha, glasi yake mwenyewe mkononi, akanywa zote mbili na kusema ni nzuri. Zilikuwa nzuri kwa sababu nilikuwa nakimbia!

Alhamisi, 8 Juni

Ofisini siwezi kukaa. Je, kama gesi inavuja? Je, kama Shangazi ameshika regulata akidhani ni redio? Nimemwambia mkubwa wangu jino linaniua. Nimekuja mbio nyumbani, mshale uko palepale nilipouacha. Nimerudi kazini. Kabla sijakaa vizuri, jino likaanza tena. Mkubwa wangu ameshauri ling'olewe.

Jumapili, 11 Juni

Wayua amekuja baada ya kanisa. Amevaa ile gauni ya kijani. Tumekaa uani, Shangazi akikohoa kila tukinyamaza. Wayua akanieleza desturi ya kwao, ambayo hakuna aliyekuwa amenitajia. Eti siku ya uki, msichana ndiye hummiminia baba yake kata ya kwanza. Akiijaza mpaka pomoni, amekubali mume. Akiishia katikati, amekataa, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Amesema anafanya mazoezi kwa maji, na akacheka.

Mimi sikucheka. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Katikati! Je, mkono ukimteleza? Je, Ndeti akikohoa saa hiyohiyo, yeye akageuka? Maisha yangu yote yakwame nusu ya kata?

Halafu nikakumbuka mfereji. Mfereji hauishii katikati. Unafungua tu, kata inajaa. Nilifurahi hata nikamwongezea Shangazi sukari kwenye chai.

Jioni Ndeti akaja na maneno. Anasema zamani alikuwa akisambazia mabaa mapipa. Anasema bia inataka gesi ya kutosha, stauti kidogo, na uki nisiuguse kabisa, maana bado unachacha na unajitengenezea gesi yake wenyewe. Niuache kibuyuni upumue, anasema. Nikamshukuru sana, nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Ananiona mtoto huyu! Anataka wazee wanywe uki uliolala, waseme mimi Munyoki sina kitu. Nimelitafakari jambo hili vizuri. Stauti, ambayo watu wengi hawaijali, inapewa kidogo. Bia, inayopendwa na wengi, inapewa zaidi. Sasa uki, kinywaji cha wazee, cha heshima, kipewe sifuri? Kwa hesabu gani? Uki lazima upewe kuliko zote.

Jumamosi, 17 Juni

Kazi imefanyika. Shangazi alikwenda Burma kuchagua nyama, nami nikahamisha uki wote kutoka kibuyuni hadi pipa la tatu. Harufu yake, jamani! Asali tupu. Zile nyuzi za miatine, matunda ya kuchachushia uki, nimeona si kitu, zikaingia nazo. Kibuyu nikakijaza maji ili kisionekane chepesi, nikakirudishia blanketi.

Kisha gesi. Mshale umepita mahali pa stauti, umepita pa bia, umevuka ule mstari mwekundu. Sijui mstari huo ni wa nini, pengine ni wa kupendeza. Pipa limeanza kunguruma. Nimeliwekea sikio. Linanguruma na kugonga, kama mtu aliyefungiwa chooni. Dalili nzuri.

Shangazi amerudi, akapapasa kibuyu, akasema leo uki umenyamaza sana. Nikasema umeiva.

Jumapili, 18 Juni

Naandika nikiwa nimevaa gauni ya Shangazi, maana nguo zangu zote zinanata.

Walifika mapema. Mzee Matheka na kofia yake ya sufu, ndugu zake wawili, Wayua na gauni ya kijani. Na Ndeti! Mzee mwenyewe alimwalika. Wakaisifu nyumba, wakasifu nyama. Mzee akaweka kata mezani, akamwambia Wayua alete kibuyu. Wayua akainuka. Mikono ilikuwa inamtetemeka kidogo, niliiona.

Nikaruka mbele yake. Nikamwambia, kaa mama, usijichoshe, leo ni mambo ya kisasa. Nikavuta shuka. Pipa! Wazee wakatazamana. Wayua akabaki amesimama, mikono mitupu. Nikaweka kata chini ya mfereji, nikafungua.

Hakuna kitu. Hata tone! Zile nyuzi za miatine zilikuwa zimeziba. Ndeti akasema kwa upole nifunge gesi kwanza. Ajabu ya mtu! Nikaongeza.

Lo! Mpira ulichomoka na kuanza kucheza humo ndani kama nyoka. Uki ulipiga dari, ukapiga saa ya ukutani, ukampiga Mzee Matheka kifuani na kumvua kofia. Ndugu mmoja wa Mzee alikuwa amefungua kinywa kuuliza jambo, na hakuliuliza. Mimi nilikuwa chini ya meza. Aliyefunga mtungi ni Ndeti.

Matone yakawa yanadondoka kutoka darini. Yule ndugu mwingine akalamba mkono wa koti lake, akasema uki wenyewe hauna makosa. Mzee Matheka akapangusa macho, akaangalia kata pale sakafuni. Ilikuwa imejaa pomoni. Moyo wangu ukaruka! Nikatoka chini ya meza, nikamwonyesha, nikasema si mnaona imejaa?

Mzee akauliza imejazwa na nani.

Nikanyoosha kidole kwenye pipa. Akasema basi binti yake hajasema kitu. Akaokota kofia, wakaondoka. Wayua hakunitazama hata kidogo. Shangazi akaenda kuangalia kibuyu, akakuta maji, akakaa chini palepale jikoni.

Jumatano, 21 Juni

Wayua amekuja peke yake. Nilianza kuomba msamaha kwa ajili ya gauni. Akaniambia ninyamaze, gauni inafuliwa. Akasema maisha yake yote kila mtu amemsemea. Baba amemsemea, wajomba wamemsemea, hata padri amemsemea. Kuna siku moja tu ambayo msichana wa kwao hujisemea, na hujisemea kwa mkono wake. Mimi nimemnyang'anya siku hiyo nikaliachia pipa. Akalia. Akasema alikuwa amekusudia kuijaza kata mpaka imwagike mezani, wazee waone.

Nililia pia. Sioni haya kuandika hapa. Nilijiona mtu mdogo kuliko wadogo wote. Nampenda huyu msichana, na nilikuwa namwogopa, basi!

Akapangusa uso, akasema baba yake amekubali kurudi mara moja tu, Jumapili ya tarehe mbili Julai. Hakuna ya tatu. Kibuyu na mkono wake, mengine hapana. Na aliyembembeleza baba yake ni Ndeti. Ndeti ana mchumba wake kule mjini Wote, anaitwa Koki, na nyama ile ilikuwa ya kunisafishia jina. Nimejisikia vibaya sana. Nimemwapia Wayua kwa jina la marehemu mama yangu. Mkono wake, jibu lake. Mimi nitakaa kwenye kiti nitulie.

Jumamosi, 24 Juni

Kiapo ni kiapo. Mapipa yote, sasa matupu, nimemrudishia Abukar. Nimemwomba Ndeti radhi, akacheka, mtaa mzima ukaamka. Shangazi ameanza uki mpya na sasa analala kando ya kibuyu.

Mtungi wa gesi nimebaki nao, kwa kuwa katika maneno yote yale hakuna aliyeutaja.

Wayua atamimina mwenyewe. Hilo silijadili. Ila leo nimekinyanyua kibuyu kikiwa kimejaa. Ni kizito! Na mkono wake ni mwembamba, tena siku hiyo utatetemeka, niliuona kwa macho yangu. Akichoka katikati je? Wazee watasema amekataa, kumbe msichana wa watu amechoka tu! Huo si uonevu?

Shangazi alipokwenda kuchota maji nimetoboa kitundu kidogo nyuma ya shingo ya kibuyu, mahali pasipoonekana. Mpira umeingia barabara, kama uliumbwa kwa kazi hiyo. Utapita chini ya zulia mpaka kwenye kiti changu, ambapo nitakuwa nimekaa nimetulia, kama nilivyoapa. Gesi nitaweka kidogo sana, kipimo cha stauti. Ni kumsaidia tu ajibu.