Mama Mkwe na Seti Isiyosahau Foleni

Jumatatu, 3 Juni

Nimedhalilishwa! Mbele ya watu! Na kwa kosa lisilo kosa!

Programu yangu ya foleni imeanza kazi leo kwenye kliniki ya macho. Niliiandika mimi, peke yangu, ofisi nzima inajua. Asubuhi hiyohiyo simu ikaja: wagonjwa wanagombana. Mzee aliyefika alfajiri ameitwa baada ya mama aliyefika ameshakunywa chai yake kwao na kuosha kikombe. Mzee kaipiga skrini kwa fimbo. Skrini imepasuka, Bosi akaniita.

Nikamweleza kwa upole. Majina nimeyaweka kwenye seti, ule mfuko wa majina ndani ya programu. Seti ni kama bawabu mkali: jina likishaingia, haliingii tena. Basi! Nani katangulia, nani kafuata, hayo hayamhusu. Majina yanatoka vyovyote yanavyotoka. Sasa kosa langu liko wapi? Bosi akaniuliza kama nimewahi kupanga foleni maishani mwangu. Dharau hiyo! Halafu akampa Taratibu kazi yangu.

Taratibu! Tunamwita hivyo kwa sababu anapanga kalamu zake mezani kwa urefu. Mtu anayepiga pasi leso!

Nyumbani nikamkuta mama mkwe kwenye kiti changu. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kaja kwetu kungojea upasuaji kwenye kliniki hiyohiyo. Hata mlango hauoni. Ila nilipoingia tu kasema hatua zangu ni za mtu aliyegombezwa. Mke wangu akacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 4 Juni

Taratibu kamaliza kabla ya chakula cha mchana. Unajua kabadilisha nini? Mstari mmoja! Mmoja! Kaitoa seti yangu, kaweka seti nyingine, inayokumbuka nani aliingia kwanza. Kila jina limemshika mkono aliye nyuma yake, kama shanga kwenye uzi. Ukimwandika mtu mara ya pili, haongezeki na hasogei. Pale alipoingia ndipo alipo.

Ofisi ikampigia makofi. Kwa mstari mmoja! Mimi niliyeandika mistari yote iliyobaki sikupata hata pole. Akili ni nywele, wanasema, kila mtu ana zake. Taratibu ana upara. Mnampigia makofi ya nini?

Mchana muuguzi wa mapokezi akaja na majina ya wanaongojea upasuaji. Akayasoma kwa zamu, Taratibu akayaingiza kwa zamu. Mama mkwe yuko katikati. Katikati! Na daktari anapasua wachache kwa siku. Kwa mwendo huo nitazeekea kwenye stuli ya jikoni, kiti changu kimekaliwa.

Lakini hawakukumbuka kunibadilishia nywila. Bado naingia humo ninavyotaka. Tutaona.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa kwanza: kumwandika tena mama mkwe. Anayeandikwa mara nyingi ndiye mwenye haraka, hata mashine itaelewa. Nikaandika. Hakusogea. Nikaandika tena. Nikaandika kwa hasira, nikabonyeza hadi kidole kikauma. Yuko palepale kama kisiki! Taratibu akapita na kikombe chake, akauliza mbona mfumo unaonyesha bibi mmoja anaandikishwa kama anayekaribishwa harusini. Nikamwambia ni majaribio. Akasema haya.

Mpango wa pili, huu wa akili. Kama kuandika tena hakumsogezi kwa sababu yumo, basi nimtoe kwanza, kisha nimrudishe juu! Nikamfuta. Nikamwandika. Nikatazama juu. Hayupo. Nikashuka. Nikashuka. Nikazidi kushuka.

Yuko mwisho! Mkiani kabisa! Nyuma ya kijana aliyejiandikisha leo asubuhi!

Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Nikamwendea Taratibu, nikamuuliza, kwa mfano tu, mtu akifutwa kwa bahati mbaya anarudishwaje mahali pake. Akasema harudi. Seti haimkumbuki aliyetoka. Ni kama mtu aliyeacha foleni akanunue soda: akirudi anaanza nyuma. Kisha akaniangalia kwa muda mrefu, huku akinyoosha kalamu iliyokuwa imenyooka tayari.

Lijitu linakera!

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe kaipigia kliniki simu mwenyewe. Nani kamfundisha kupiga? Muuguzi akamwambia jina lake liko mwisho, na kwa sasa hawezi kumtajia siku.

Nilitegemea kelele. Kelele nimezizoea. Hakupiga. Alimpakata mtoto wetu wa mwisho, akawa anampitishia kidole usoni, polepole, pua, nyusi, kidevu. Akasema huyu mjukuu alizaliwa macho ya bibi yake yameshafunga ukungu. Anamjua kwa mkono tu. Alikuwa ameshaanza kujiambia kwamba mwezi huu atamjua kwa sura.

Nikatoka nje. Nikaipiga teke ndoo. Ilikuwa na maji.

Ni nani aliyeleta seti isiyokuwa na huruma? Taratibu! Ile yangu ya zamani ingemtupa popote, hata juu. Niliporudi ndani nikamwambia mke wangu ukweli wote: kwamba Taratibu kaharibu mfumo. Akasimama. Akavuta mtandio. Akasema kesho anakwenda ofisini kumwuliza huyo bwana mama yake kamkosea nini. Nikamwambia nenda, mke wangu, usimwonee haya.

Ijumaa, 7 Juni

Mdomo wangu ni adui yangu.

Walikuja wawili, mke wangu na mama yake, wameshikana mikono. Mke wangu akaanza mlangoni, sauti yake ilifika hadi duka la chini. Taratibu akasimama, akampa mama mkwe kiti chake, akamsalimia shikamoo kwa adabu zote, akamwomba jina kamili. Akaufungua mfumo. Akatazama. Akamwita Bosi.

Kumbe mfumo unaandika kila anayefuta! Sikujua. Mfumo niliouandika mimi!

Bosi akasoma kwa sauti: jina lililofutwa, na jina la aliyefuta. Mke wangu akageuka. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu tuoane, na nimetazamwa mara nyingi.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza. "Baba, ulitaka nipone au niondoke?"

Nikasema nilitaka kumsaidia, mama, wallahi.

"Sijauliza hilo."

Nikatazama viatu. Nikasema yote mawili.

Akatikisa kichwa. "Afadhali umesema. Sasa nirudishe pale nilipokuwa. Usinipandishe hata kwa mtu mmoja. Na mwenye zamu yake naye ana mjukuu."

Nilidhani Taratibu atafurahi kuniona nimejaa matope. Hakufurahi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ana nakala ya akiba ya Jumanne jioni. Akaanza seti mpya, tupu, akasema tutaingiza majina upya kwa mpangilio wa nakala ile, kisha waliojiandikisha baadaye. Akaniambia nisome, yeye aandike. Mchana kutwa! Nilipofika kwa mama mkwe, alikuwa bado pale kwenye kiti, kichwa kakiinua. Nikalisoma jina lake. Taratibu akaandika. Akasema, "Umeingia, mama." Mama mkwe akashusha pumzi.

Bosi kanipokonya nywila. Kuanzia Jumatatu nitasimama kliniki, nimevaa kizibao cha rangi ya machungwa, nikiwaonyesha wagonjwa pa kukaa. Mimi! Msomi mzima! Nyumbani mke wangu haongei na mimi. Anaongea na sufuria, kwa nguvu.

Alhamisi, 20 Juni

Siku zote hizi sikuandika. Kizibao kinawasha. Yule mzee wa fimbo anakuja kila mara na kuniuliza, makusudi, kama leo foleni ni ya watu au ya bahati nasibu.

Jana mama mkwe alipasuliwa jicho la kulia. Zamu yake ilifika kama ilivyopaswa kufika, akaitwa, nikamshika mkono hadi mlangoni. Hakutaka kuniachia. Mimi pia sikutaka kumwachia, lakini ni kwa sababu ndiyo kazi ya mwenye kizibao.

Leo wamemtoa bendeji. Mke wangu alimsogeza mtoto mbele yake. Mama mkwe akakodoa lile jicho moja, akasema, "Kumbe una vishimo mashavuni! Mkono wangu haukuniambia." Akalia. Mke wangu akalia. Muuguzi naye. Mimi lilinidondoka chozi moja kwa sababu ya ile dawa wanayopigia sakafu deki.

Kisha akanigeukia. Akanitazama juu hadi chini. Akasema, "Na wewe ndiye huyu? Kwa kelele zako nilidhani ni mtu mrefu."

Muuguzi akacheka hadi akashika ukuta! Na ubaya haujaisha. Tulipofika nyumbani mama mkwe akazunguka chumba kwa chumba na jicho lake jipya. Akagusa kona. Akapuliza rafu. Akatangaza kwamba haondoki mpaka na la kushoto lipasuliwe, na kwamba kwa uchafu huu aliouona, hata likipona hana haraka. Kisha akaketi. Kwenye kiti changu!

Jumatatu, 24 Juni

Adhabu imekwisha, nimerudi ofisini. Kizibao nimekitupa kabatini. Tunatengeneza mfumo wa kukata tiketi za mabasi, na ndani yake kuna nini? Seti ileile ya Taratibu! Anayekata kwanza anakaa mbele.

Bosi kajigamba tangu asubuhi kwamba Ijumaa anasafiri na mkewe kwa basi, wa kwanza kabisa kukata tiketi, ili aujaribu mfumo wetu mwenyewe. Anatusumbua na safari yake hadi kichwa kinauma.

Saa ya chakula Taratibu akatoka, kompyuta yake kaiacha wazi. Mungu hamtupi mja wake! Nikamkatia mama mkwe tiketi ya Ijumaa hiyohiyo, basi la kwenda kwao. Likizo fupi tu, apumzishe jicho. Atafurahi. Nitamwambia Alhamisi.

Akaangukia kiti cha nyuma. Hapana! Mama mkwe akirushwarushwa nyuma atarudi kwangu na mgongo. Lakini safari hii mimi si mjinga. Nimeshajua seti hii: ukimtoa mtu na kumrudisha, anakwenda mwisho. Basi yeye sikumgusa hata kidogo. Niliwafuta wa mbele yake! Kwanza waliokuwa karibu naye, wakafuata wengine, mpaka wale wawili wa juu kabisa, bwana mmoja na mkewe. Jina la huyo bwana silijui. Kajiandika mkurugenzi. Wakurugenzi wako wengi mjini.

Mama mkwe sasa ni wa kwanza, jina lake kamili liko juu kabisa. Na nani atanijua? Nywila ni ya Taratibu!

Bosi ananiita. Nadhani ni kuhusu kupandishwa cheo.