Najua Aagiza Mninga

Tangu kinyozi huyu apate akili mpaka mwisho wa wiki ninaousimulia, hakuna kiumbe aliyewahi kumsikia akitamka neno "sijui". Ukimwuliza njia, anaijua. Ukimwuliza dawa ya kiungulia, anaijua, na aliyeigundua walisoma pamoja. Mlevi mmoja alimwuliza nyumba yake mwenyewe iko wapi; akaelekezwa vizuri sana, akaenda kulala kwa watu! Ndiyo maana walimwita Najua, naye akalipokea jina hilo kama cheo.

Elimu yake yote aliiokota vichwani mwa wateja. Mtu akikaa kunyolewa huacha nywele na habari. Nywele Najua alizifagia, habari akazihifadhi zote bila kuzichambua.

Sasa Najua alitaka kuoa. Mchumba wake, mwalimu wa chekechea, alikuwa amelelewa na shangazi yake, mkunga mstaafu mwenye maneno machache na macho mengi. Shangazi akikubali, ndoa ipo. Akikataa, hata Najua arudi na jeshi, ndoa hakuna. Shangazi akasema hataki barua wala wajumbe. Anataka kutembea na huyo kijana Jumamosi na Jumapili, wanunue vitu, wale vizuri, na Jumapili jioni atatoa jibu.

Mchumba akamwasa mapema. "Shangazi hana neno na maskini wala mjinga. Ila kitu usichokijua, tafadhali, mwambie hukijui."

"Hilo nalijua," akajibu Najua.

Jumamosi wakaingia duka la viatu. Najua akamkataza muuzaji asijisumbue, kwani yeye mguu wa mtu anausoma kwa macho. Akamteremshia shangazi kwenye rafu viatu viwili vyekundu, akalipa, akatoka kifua mbele. Walipopumzika kwenye benchi nje, shangazi akavitoa mfukoni, akavigeuza, akavitazama tena. Vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto.

"Baba," akauliza kwa upole, "na huu wa kulia nao utavaa nini?"

Najua akamweleza kuwa huo ndio mtindo wenyewe. Mguu wa kulia umependelewa tangu dunia iumbwe, na watu wastaarabu sasa wamechoshwa na ubaguzi. Shangazi akavirudisha mfukoni polepole, akasema asante.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku kubwa. Najua alikuwa ameahidi chakula cha mchana kwenye hoteli moja ya ghorofani ambako, kwa maelezo yake, mpishi hawashi jiko mpaka amwone. Ukweli ni kwamba habari za hoteli hiyo alizinyoa kichwani kwa mteja wiki iliyopita. Mteja alisema ghorofa ya tatu. Mashine ilikuwa inanguruma, Najua akasikia ya pili.

Ghorofa ya pili wakakuta mlango wa kioo, na ndani yake meza za mbao zinazong'aa, zimepangwa sahani, uma, bilauri na mabakuli ya matunda. Harufu ya chakula haikuwapo hata kidogo. Najua akasema hiyo ndiyo dalili ya hoteli safi. Wakaketi.

"Mbona pale kuna kitanda?" shangazi akauliza.

"Cha wanaoshiba kupita kiasi."

"Na kabati la nguo?"

"Shangazi, mtu akienda kulala si lazima avue koti?"

Akaja muuzaji aliyefunga tai, akawakaribisha kwa heshima zote. Najua akamwuliza leo wana nini.

"Tuna mninga, tuna mvule, na msonobari kwa wanaotaka nafuu."

Nafuu! Mbele ya mkwe! Najua akasema yeye anataka mninga.

Shangazi akamnong'oneza. "Baba, mninga si mti?"

"Mti ni huko porini. Ukishaingia mjini ni kitu kingine." Akamgeukia muuzaji. "Ni laini?"

"Mgumu, mzee. Hata mchwa wameshindwa kuula."

"Mchwa hawana meno ya mjini. Unakuja na nini?"

"Na viti sita."

Hapo Najua alisita kidogo. Kisha akakumbuka kuwa mteja mmoja aliwahi kumwambia kwamba matajiri hubadili kiti kila wanapobadili sahani, basi akasema sita vitatosha.

"Na miguu, mzee? Tunaweza kuitoa, ije pembeni."

"Miguu ndiyo utamu wenyewe! Lete pamoja na miguu yake, mzima mzima. Mimi si mtu wa vipande."

Muuzaji akafurahi mpaka tai ikacheza. Akaomba alipwe kwanza, akaandika na mahali mteja anapoishi. Najua akalipa mpaka noti ya mwisho, akamwambia shangazi kuwa hoteli za maana hulipwa kabla, na hupenda kujua wakubwa wanakaa wapi.

Wakasubiri. Njaa ikambana Najua, akachukua tofaa kwenye bakuli, akaling'ata. Akatafuna. Akatafuna tena. Tofaa likabaki vile vile, meno ndiyo yaliyoanza kupungua. Shangazi akauliza kama ni tamu.

"Haya ya ng'ambo hayamezwi, shangazi. Yanatafunwa tu."

"Kumbe hapa meza zipo," akasema shangazi, "ila kumeza hakuna."

Mara wakaja wapagazi wanne. Wakaondoa sahani, wakainua meza iliyokuwa mbele ya wageni hao, wakashuka nayo ngazi. Najua akabaki ameshika uma, na mbele yake hapana kitu ila magoti yake mwenyewe. Mtu mwingine angeuliza. Mtu mwingine angekimbia.

"Wanaipeleka wapi?" shangazi akauliza.

"Kwangu. Zamani mtu alikwenda hotelini, shangazi. Siku hizi hoteli inamfuata mtu."

Kwa Najua palikuwa chumba kimoja chenye mlango mwembamba na dirisha la nondo. Majirani walipoona meza ya watu sita inashushwa pamoja na viti vyake, wakatoka wote. Mkubwa wa wapagazi akashauri waifungue miguu. Najua akasema anajua la kufanya: yeye aingie ndani avute, wao wabaki nje wasukume.

Meza ikaingia ubavu, ikafika nusu, ikakwama kama mfupa kooni. Wakasukuma, haikuingia. Wakavuta, haikutoka. Najua alikuwa amefungiwa ndani na chakula chake cha mchana! Upenyo uliobaki ulikuwa mmoja tu, kati ya miguu miwili ya meza. Akapenyeza kichwa, kikatoka. Akapenyeza shingo, ikatoka. Mabega yakagoma, na alipotaka kurudi, masikio nayo yakagoma.

Majirani wakajichukulia viti vitano. Cha sita shangazi akakivuta, akaketi uso kwa uso na kile kichwa.

"Baba, unajua kutoka?"

"Na..." Najua akaanza. Akajaribu kujinasua, mninga haukumjali. Akamkumbuka mwalimu wa chekechea, na kwa mara ya kwanza akaogopa kweli kwamba atamkosa. Machozi yakamshuka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Sijui, shangazi," akasema. "Sijui kutoka. Sijui hata nilichoagiza."

Shangazi akainuka, akavua saa, akakunja mikono ya gauni. Akaagiza maji ya uvuguvugu, mafuta ya kupikia na shuka safi, akawafukuza wanaume waliosogea karibu.

"Usisukume mpaka nikwambie. Pumua. Bado, bado. Haya, sasa."

Akampaka mafuta, akakigeuza kichwa kidogo, akatoa bega la kwanza, akatoa la pili, na vilivyobaki vikafuata kwa mpigo mmoja. Najua akamponyokea shangazi mikononi, anateleza, shati limebaki ndani. Shangazi akampiga kofi moja la mgongo, kwa mazoea tu, naye akalia kwa sauti.

"Wa kiume," shangazi akawatangazia majirani, huku akimfunika shuka.

Wakati huo huo mwalimu wa chekechea akafika kusikiliza jibu. Akamtazama mchumba wake, anang'aa mafuta, ana kwikwi, kisha akamtazama shangazi.

"Shangazi, vipi? Anafaa?"

"Mwanangu, mbona una haraka? Ndiyo kwanza amezaliwa. Neno lake la kwanza ni 'sijui', na limenipendeza." Akamkabidhi mfuko. "Viatu vyake hivi. Akianza kutembea, mlete tuzungumze habari za ndoa."

Vilikuwa vile vile vyekundu, vyote vya kushoto.