Mnada wa Mapipa

Ndugu wananchi, mwaka 1994 Kilosa iliingia rasmi katika uchumi wa mazingira wa dunia. Nasema hivyo nikiwa Afisa Msimamizi wa Soko la Uchafu, cheo kilichoundwa kabla hata ya kiti changu kufika. Mapipa ya dawa ya wadudu iliyoharibika, zawadi kutoka nchi rafiki za Kaskazini, yalikuwa tayari juu ya lori yakisubiri pa kuzikwa.

Zamani serikali ingeamua yenyewe. Mambo hayo tumeyaacha, sasa soko ndilo linaloamua. Mshauri wetu, Daktari Melkizedek, alinieleza kitaalamu. Huko Ulaya mtu anaishi miaka mingi, hivyo sumu inapata muda wa kutosha kumuua, na hiyo ni hasara kubwa. Kwetu malaria inamuwahi. Sumu ikizikwa huku, dunia nzima inapata faida. Nilimpigia makofi peke yangu ofisini.

Utaratibu ulikuwa mnada, ila wa kushuka: kijiji kitakachokubali malipo madogo kuliko vyote ndicho kinapewa mapipa. Wakazi wa mjini nao waliruhusiwa, maana soko halibagui. Lakini tulijua nani angeshinda. Kijiji cha Masanze zahanati yake haikuwa na paa wala dawa, na tangu uchangiaji wa matibabu uanze, watu hawakuwa na cha kuchangia. Mwenyekiti wao wa kijiji, Yared, alifika mnadani amekonda kwa mawazo. Alifuatana na bibi mmoja, Selestina.

"Shikamoo, mama," nikamsalimu.

"Marahaba. Hayo mapipa kwetu mtayazika wapi?"

"Juu kidogo ya chemchemi. Udongo pale ni laini, gharama zinapungua."

"Chemchemi tunayokunywa."

"Mtalipwa, mama. Mtaezeka zahanati."

"Nikishalipwa ninywe nini, bati?"

Nilimweleza kwa heshima kwamba swali lake lilikuwa nje ya ajenda.

Kunadi tulimpa mzee Telele, dalali wa ng'ombe, pamoja na fimbo yake. Akafungua mnada. Watu wa vijiji vyote wakawa wanaangalia viatu vyao, na wasio na viatu wakaangalia vidole.

Mnadani bei ikikwama, mwenye mali humtuma mtu wake aanze, ili wengine wachangamke. Utaalamu huo ninao. Nikanyoosha mkono.

"Elfu kumi! Yakazikwe uani kwangu!"

Ilikuwa bei ndogo ya kutia aibu, makusudi kabisa, ili Masanze washuke chini ya hapo. Nikamkonyeza Yared.

Yared akainua mkono nusu. Selestina hakumshika. Alimwambia tu, polepole, "Mkeo ana mimba, Yared. Maji ya uji wake utayachota wapi?"

Ule mkono ukabaki hewani. Halafu ukajikuna sikio, ukashuka.

"Mara ya kwanza," akasema Telele.

Nikakohoa. Nikawatazama watu wa kijiji cha Vidunda. Walikuwa wanatazama mlima wao.

"Mara ya pili. Mara ya tatu." Akapiga fimbo chini. "Amepata Bwana Afisa."

"Mzee wangu, mimi nilikuwa nachangamsha tu."

"Mnadani kwetu anayechangamsha akikosa mwenzake, ng'ombe analala kwake."

Melkizedek alikuja mbio kunipa mkono. Alisema hajawahi kuona bei ya chini namna ile Afrika nzima, na kwamba soko limejidhihirisha. Nilimkumbusha kuwa nina watoto na kisima nyuma ya jiko. Akasema kitaalamu hayo huhesabiwa kuwa yameshaingia kwenye bei.

Hapo damu ilinichemka. Nilipanda juu ya meza ya serikali, nikawatangazia wote kwamba uhai wa watu hauuzwi, na kwamba kuna vitu soko halina ruhusa ya kuvigusa. Kwa utumishi wangu wote sikuwahi kusikilizwa vile. Hata Melkizedek alivua miwani.

Selestina ndiye aliyenisaidia kushuka mezani.

"Umesema vizuri sana, mwanangu," akaniambia. "Sasa panda lorini, dereva hapajui kwako."