Siku Desanka Alipoiongezea Kasi Prosesa Yake Kuukuu

Enyi mlioketi na mlio wima, enyi wenye chaji na mliobakiza asilimia mbili, sogeeni! Anayecheka huko nyuma atoke au anyamaze. Nawaletea habari za Desanka binti Milutin, simba jike wa Coober Pedy, mji wetu wa machimbo katika jangwa la Australia, mvunja mwamba, mchimbua opali, kito cha rangi zote, na siku aliyoingia vitani na kidude kisichozidi ukubwa wa biskuti: prosesa, ubongo wa kompyuta yake kuukuu.

Chanzo cha vita hivyo ni Vidoje, mdogo wake wa mwisho, aliyeukimbia mgodi akahamia Melbourne na tangu hapo hajakanyaga tena jangwa letu. Kila Jumapili ndugu hawa hushindana kwenye kompyuta, mchezo wa kuendesha malori, yeye kule na dada huku. Na kila Jumapili, wakifika darajani, kompyuta ya Desanka inakwama. Picha inaganda, lori linaning'inia hewani kama nguo iliyosahaulika kambani, na Vidoje anapita akipiga honi.

"Dada, hilo si lori, ni ng'ombe mgonjwa!" alimcheka siku moja kwenye spika. "Mwite daktari wa mifugo!"

"Sikiliza, we kitinda mimba," Desanka akanguruma. "Jumapili ijayo tunashindania slava. Nikikushinda, hiyo sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wetu unakuja kuisherehekea huku shimoni kwangu, kwenye meza ya mama. Ukinishinda nakuja huko kwako, na wimbo wako wa kinanda nausikiliza mpaka mwisho."

Vidoje akaacha kucheka.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Na wimbo wa pili?"

"Usizidishe."

Msidhani ni utani, jamani. Meza ile ina viti vinane, na Desanka hukalia kimoja, saba vitupu.

Jumapili ikapambazuka. Huko juu jua linakaanga mawe. Huku chini ya ardhi, tunakoishi sisi wenye akili, ubaridi mtamu. Shujaa akavaa miwani kama kofia ya chuma, akaufungua ubavu wa kompyuta. Lo! Vumbi jekundu limejipanga humo kikosi kwa kikosi, feni imezikwa, haisemi wala haihemi!

Hapo akaingia jirani, mzee Clarrie Tregenza, jemadari wa kushauri asipoulizwa, akiburuta kompresa ya mgodini, ile mashine ya kusukuma upepo.

"Pisha, Desa, nilipulize hilo dakika moja."

"Hiyo inang'oa mwamba, we mzee! Irudishe kabla sijakupuliza wewe!"

Akatwaa brashi laini ya kusafishia opali, akalifukuza vumbi chembe kwa chembe. Akaifuta grisi ya zamani iliyokauka mgongoni mwa prosesa, akatia tone jipya la kupoozea joto, dogo kama punje ya njegere, kisha akarudishia feni. Akasimama, mkono kifuani, akaihutubia:

"Ewe prosesa, umenitumikia tangu wenzako wakingali kiwandani. Sikuombi uruke kama kijana. Nakuomba upande ngazi kidogo tu, polepole, na ukichoka useme!"

"Inakusikia?" Clarrie akauliza.

"Kuliko wewe."

Akaiwasha, akaingia kwenye menyu ya ndani, ile ambayo wengi huikimbia wakiiona. Umeme wa kuilisha prosesa hakuugusa, maana huko ndiko wengi walikounguza zao. Kasi peke yake ndiyo aliyoipandisha, hatua moja. Akaitesa kwa hesabu nzito, akalitazama joto kama mama anayempima mtoto homa. Poa. Akapandisha tena, akaitesa tena. Poa. Tena. Joto likapanda, likasita, likatulia. Asubuhi yote ikaishia humo, na mashine inaimba!

"Sasa ongeza futi moja," Clarrie akanong'ona.

Ole wetu! Hayo ndiyo maneno ya mji huu. Hapa hakuna aliyewahi kuacha kuchimba kwa hiari yake. Opali siku zote iko futi moja mbele. Na Desanka, damu ya mgodi, macho yakamng'aa. Akaongeza.

Kioo kikawa cheusi. Mashine ikalia pii, pii, pii, kisha ikazima kabisa.

"Umeiua!" Clarrie akaruka.

"Mimi? Nani kasema futi moja?"

"Nilisema futi! Sikusema uue!"

Saa nane imepita. Shindano ni saa tisa. Simba jike, naapa nilimwona, akaitazama ile meza na viti vyake. Kisha akachomoa waya wa umeme, akaibandua betri ndogo ya duara inayoitunzia kumbukumbu, akasubiri kidogo, akairudisha. Akawasha. Ikawaka! Imesahau yote, imerudi chini kabisa kama siku iliyozaliwa. Akaanza kupanda upya, haraka kwa kuwa njia sasa anaijua, hatua, jaribio, joto, hatua, jaribio, joto, mpaka pale pale ilipokuwa ikiimba.

Clarrie akafungua mdomo. "Nusu futi, Desa. Nusu tu. Safari hii..."

"Basi," akasema Desanka.

Sikieni jamani! Neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwa mchimbaji wa Coober Pedy! Clarrie alikaa chini kama aliyepigwa na sururu.

Saa tisa malori yakanguruma. Vidoje mbele, dada nyuma, vumbi, honi, matusi ya kifamilia. Likaja daraja. Vidoje akaanza kucheka mapema. Picha ikatikisika... ikapita! Laini kama siagi! Desanka akakanyaga mafuta, akaja ubavuni, akamshinda mdogo wake kwenye mstari wa mwisho kwa urefu wa bampa moja.

Sauti ya Vidoje ikatoka kwenye spika.

"Dada. Hukukwama."

"Sikukwama."

"Huko... bado kuna joto sana?"

"Juu tu. Huku chini hakuna."

"Mkate wa slava nani anaoka?"

"Mimi. Wewe leta divai, na uje mapema, barabara ni ndefu."

"Nakuja, dada."

Iandikwe basi, ichongwe mwambani, isomwe na vizazi: katika mwaka huo wa joto, prosesa kuukuu ilipanda ngazi kidogo na haikuungua, ndugu aliyepotea akaahidi kurudi, na mbwa wote wa mji wakabweka kwa heshima, ingawa saa hiyo hubweka kila siku.