Sanduku la Vitabu Limenivua Nguo

Leo nimeumbuka mchana kweupe, hapa hapa Koboko, barazani kwangu.

Mnajua shule imepata sanduku la vitabu vya hadithi. Mwalimu Duku alisema litawekwa kwenye nyumba ambayo mtoto anasoma mwenyewe bila kusukumwa. Mimi, mtu wa sinia foo, niliyefika kidato cha nne, nikatangaza kisimani: "Kiden wangu? Huyo kitabu hakimtoki mkononi!" (Kiden yuko praimari tatu. Ninachomwona nacho mkononi ni muhogo.) Nililitaka sanduku lile mpaka nikalifagilia pembe yake karibu na kitanda.

Basi leo Mwalimu anakuja kutuona. Nikatandika ule mkeka tuliorudi nao kutoka ukimbizini Zaire. Nikampa binti yangu kitabu. "Kaa hapa peke yako. Soma kimya."

Kiden akanitazama kama nimemfukuza nyumbani. Akakaa. Machozi yakaanza kudondoka kwenye ukurasa.

Mwalimu akafika, akashusha sanduku kutoka kwenye baiskeli. Nikamnong'oneza kwa majivuno: "Unaona? Hadithi imemwingia mpaka analia!"

Hapo jirani yangu, Hajati Zaituni, akachungulia juu ya ua. "Ee, Mama Kiden! Mtoto nakosa nini? Samehe yeye! Kosa ya mtoto iko kidogo tu!"

Kiden akapiga magoti. "Mama, nisamehe! Sukari ni mimi nililamba!"

Sukari! (Nami wiki nzima namlaani panya.)

"Nani amekuambia hii ni adhabu?"

"Si ndivyo ilivyo shuleni! Wenzetu wote wanasoma pamoja kwa sauti, wakifuata fimbo ya Mwalimu ubaoni. Aliyekosa anatolewa nje, anakaa peke yake na kitabu."

Nikamgeukia Mwalimu. Mwalimu akaigeukia baiskeli yake. Kikohozi kikamshika ghafla!

Ili tu aseme kitu, akamuuliza mtoto: "Na mama yako je? Huwa anasoma?"

Kiden akanitetea kwa nguvu zote: "Hapana, Mwalimu! Mama hajawahi kukosa!"

Hajati alicheka mpaka ua ukatikisika. Ardhi ya Koboko, kwa nini hukunimeza?

Mwalimu ameliacha sanduku, kwa sharti moja: Kiden anione mimi nikisoma kwanza, tena peke yangu, tena kimya.

Kwa hiyo tangu alasiri niko mkekani, kitabu mkononi. Watoto wanaopita kwenda kisimani wananipa pole. Naomba msicheke, Hajati amenitosha. Amechungulia tena sasa hivi: "Mama Kiden, na wewe nalamba nini?"